Draiva ya Picha Inapogoma kwenye Kompyuta Yenye Chipu Mbili

Kompyuta mpakato nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wachora ramani za majengo, wahariri wa video na wapenzi wa michezo ya kompyuta huwa na vichakataji viwili vya picha, yaani chipu mbili tofauti ambazo kila moja inaweza kupiga hesabu za kutengeneza kile kinachoonekana kwenye kioo. Ya kwanza imo ndani ya prosesa kuu ya Intel au AMD, haina kumbukumbu yake yenyewe bali huazima sehemu ya RAM ya kompyuta, na hula umeme kidogo. Ya pili, ambayo mara nyingi ni ya NVIDIA na pengine ya AMD, hulehemiwa peke yake kwenye ubao mama pamoja na kumbukumbu yake, ina nguvu nyingi kuliko mwenzake, na kwa sababu hiyohiyo hula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Katika makala haya, chipu ya kwanza itaitwa chipu ya ndani na ya pili chipu kubwa. Kila moja huongozwa na draiva yake, ambayo ni programu inayogeuza maagizo ya mfumo endeshi, kwa mfano Windows, yawe maagizo yanayoeleweka na chipu hiyo, na kwa kuwa mara nyingi draiva hizo huandikwa na kampuni mbili zenye ratiba mbili za matoleo, kisha zikatakiwa kufanya kazi moja kwenye kioo kimoja, mgogoro kati yao ni jambo la kutarajiwa.

Dalili za mgogoro huo zinafahamika kwa watumiaji wengi: kioo huwa cheusi kwa sekunde chache kisha hurudi, mchezo au programu ya kuchorea hujifunga yenyewe, picha huganda huku sauti ikiendelea, au Windows husimama kabisa na kuonyesha ukurasa wa buluu wenye jina la faili kama nvlddmkm.sys, ambalo ni la draiva ya NVIDIA, au igdkmd64.sys, ambalo ni la Intel. Mtumiaji akishaliona jina hilo huamini kwamba amemkamata mkosaji, hupakua draiva mpya, huisakinisha juu ya ile ya zamani, na baada ya siku chache tatizo hurudi lilivyokuwa. Kosa lake ni kulichukulia jina hilo kuwa hukumu. Faili linalotajwa ni lile lililokuwa kazini mambo yalipoharibika, na huenda limeharibu lenyewe, au limeponzwa na draiva jirani, au chipu linayoiongoza imekosa umeme wa kutosha, imezidiwa na joto, au imepewa RAM yenye hitilafu. Kutafuta chanzo ni kuzitenganisha sababu hizo moja baada ya nyingine, na kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye subira kabla hajaenda kwa fundi.

Uhusiano wa draiva hizo mbili hueleweka vizuri zaidi mtu akifuata safari ya picha moja kutoka kwenye programu hadi kwenye kioo. Mwaka 2010 NVIDIA ilitangaza mpango iliouita Optimus, ambao umekuwa msingi wa kompyuta nyingi za aina hii. Kabla yake, mwenye kompyuta ya chipu mbili alilazimika kuchagua mwenyewe chipu ya kutumia, na katika baadhi ya modeli alibonyeza swichi kisha akaiwasha kompyuta upya. Optimus iliifanya kazi hiyo bila kumhusisha mtumiaji. Katika mpango huo kioo kimeungwa na chipu ya ndani tu. Programu nyepesi, kama ya kuandikia barua, huchorwa na chipu ya ndani moja kwa moja, na chipu kubwa huzimwa ili betri idumu. Programu nzito inapofunguliwa, draiva hutazama orodha yake ya programu zinazojulikana, huiamsha chipu kubwa na kuipa kazi ya kuchora, kisha kila picha inayokamilika hunakiliwa kupitia njia ya data iitwayo PCI Express hadi kwenye RAM, ambako chipu ya ndani huichukua na kuipeleka kwenye kioo. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hufanya makabidhiano hayo mara 60 kila sekunde, na kila mara draiva zote mbili huhusika. Ndiyo maana mchezo unaochorwa na chipu ya NVIDIA unaweza kukatika kwa kosa la draiva ya Intel, na mtu anayeisasisha draiva ya chipu kubwa peke yake, huku ile ya chipu ya ndani ikiwa ni ya tangu kompyuta iliponunuliwa, ameshughulikia nusu tu ya njia.

Windows nayo ina ulinzi wake. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, mfumo huo huifuatilia chipu ya picha kila inapopewa kazi, na chipu isipoitika ndani ya sekunde 2 huhesabiwa kuwa imekwama, kisha huanzishwa upya pamoja na draiva yake bila kuizima kompyuta nzima. Ule weusi wa kioo unaokuja na kupita ndio utaratibu huo ukiwa kazini. Zamani chipu ikikwama, mtumiaji hakuwa na njia ila kuizima kompyuta kwa nguvu na kupoteza kazi ambayo hajaihifadhi. Hata hivyo uvumilivu wa Windows una mpaka: chipu ikikwama zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 1, au ikikataa kuanzishwa upya, hutokea ukurasa wa buluu wenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Wako wanaoshauri kwamba zile sekunde 2 ziongezwe ziwe 8 au 10 kwa kuhariri sajili ya Windows, na ushauri huo unaweza kumfaa mtu ambaye programu zake huipa chipu hesabu ndefu kweli, lakini Microsoft imeviweka vipimo hivyo kwa ajili ya wanaotengeneza na kujaribu draiva, na kwa mtumiaji wa kawaida kuviongeza ni kurefusha muda wa kuganda bila kukigusa kinachogandisha.

Uchunguzi wenye manufaa huanza kwenye daftari la matukio ambalo Windows huliandika yenyewe, na programu ya kulisomea ni Event Viewer, ambayo hufunguka kwa kuandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia. Katika fungu la System, tukio namba 4101 humaanisha kwamba draiva iliyotajwa iliacha kuitika na ikaanzishwa upya, na tukio namba 41 lililoandikwa Kernel-Power humaanisha kwamba kompyuta ilizimika au ilijiwasha upya bila kufuata utaratibu. Hili la pili likijitokeza peke yake, bila 4101 wala ukurasa wa buluu kulitangulia, shaka inapaswa kuelekea kwenye umeme na joto kabla ya draiva. Programu nyingine, Reliability Monitor, huonyesha mambo hayohayo kwa chati ya siku hadi siku, hitilafu zikiwa na alama nyekundu na masasisho yakiorodheshwa chini yake, na kwa asiyezoea lugha ya mafundi hiyo ndiyo bora zaidi. Saa na tarehe zina uzito kuliko namba za matukio. Hitilafu zilizoanza siku ileile ambayo Windows ilijisasisha humwonyesha mchunguzi toleo la draiva. Zinazotokea mara tu kifuniko kinapofunguliwa baada ya kompyuta kulala zina asili katika usimamizi wa umeme. Zinazosubiri kazi nzito iendelee kwa dakika 15 au 20 ndipo zije, karibu kila mara ni za joto. Na zinazokuja na programu moja tu, ilhali nyingine nzito kuliko hiyo hufanya kazi vizuri, zinaitaja programu hiyo. Daftari la karatasi ambamo mtumiaji anaandika alichokuwa akifanya na kama chaja ilikuwa imechomekwa humsaidia kuliko programu nyingi za kulipia, kwa sababu mambo hayo Windows haiyaandiki vizuri.

Kabla ya jaribio lolote lipo jambo moja dogo linalowapotosha wengi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, amri ya kuzima kompyuta haiondoi kila kitu kwenye kumbukumbu, bali kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwahi kuwaka asubuhi, utaratibu uitwao Fast Startup. Mtu anaweza kuizima na kuiwasha kompyuta kwa wiki nzima akiamini kwamba anaanza upya, kumbe draiva iliyovurugika hurudishwa kila siku ikiwa na uvurugikaji wake. Amri ya Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Draiva za picha peke yake zinaweza pia kuanzishwa upya, bila kufunga chochote, kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B, na kioo kikirejea kwa njia hiyo baada ya kuganda, hiyo ni dalili nzuri kwamba chipu zenyewe bado ni hai.

Jaribio lenye thamani kuliko yote ni kuitoa chipu moja kazini. Katika Device Manager, ambamo vifaa vyote vya kompyuta huorodheshwa, chipu kubwa inaweza kuzimwa kwa kuchagua Disable, kisha kompyuta ikatumiwa kwa siku kadhaa kwa kazi zilezile zilizokuwa zikiikwamisha, hata kama zitakwenda polepole. Kukwama kukiisha, tatizo liko kwenye chipu kubwa, draiva yake, umeme wake, joto lake au makabidhiano yake na chipu ya ndani. Kukiendelea, chipu kubwa haina hatia, na macho yageuzwe kwenye chipu ya ndani na kwenye RAM inayoiazima, kwa kuwa kipande cha RAM chenye kasoro hutoa dalili zinazofanana mno na za draiva mbovu. Windows ina kipimo chake cha RAM kiitwacho Memory Diagnostic, na kompyuta yenye vipande viwili inaweza kujaribiwa kwa kimoja kimoja. Kuizima chipu ya ndani hakushauriwi katika kompyuta za Optimus, kwa kuwa ndiyo iliyoshika kioo, isipokuwa katika zile modeli zenye swichi ya ndani iitwayo MUX, ambazo huruhusu, kupitia BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, au programu ya mtengenezaji, kioo kiunganishwe na chipu kubwa moja kwa moja. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana bahati, kwa sababu kitendo kimoja humwondolea makabidhiano yote yaliyoelezwa hapo juu, na kukwama kukikoma papo hapo, kosa huenda lilikuwa kwenye ushirikiano wa draiva mbili wala si kwenye chipu kubwa. Kwa programu mojamoja, Windows 10 tangu mwaka 2018 ina ukurasa wa Graphics ndani ya Settings ambapo kila programu hupangiwa chipu yake. Kivinjari cha intaneti kinachokwama wakati wa kutazama video, kwa mfano, mara nyingi hutulia kikipangiwa chipu ya ndani.

Ikithibitika kwamba draiva ndiyo yenye kosa, dawa yake si lazima iwe toleo jipya kuliko yote. Watengenezaji wa kompyuta mpakato hupanga umeme, feni na vitufe vya kila modeli kwa namna yao, na draiva inayotolewa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ingawa huwa ya zamani kuliko ile ya NVIDIA, AMD au Intel, ndiyo iliyopimwa na mpangilio huo. Inafaa kuanza nayo, na ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, kitufe cha Roll Back Driver katika Device Manager hurudisha toleo lililotangulia bila kupakua kitu, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa bando, kwani furushi moja la draiva ya NVIDIA huzidi megabaiti 500. Kurudi nyuma kusiposaidia, hufuata usafishaji. Programu ya bure ya Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi huiita DDU, hung'oa mabaki ya draiva za zamani ambayo njia ya kawaida ya kuondoa programu huyaacha, na huendeshwa kompyuta ikiwa katika hali salama, yaani hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Intaneti ikatwe kabla ya kuanza, la sivyo Windows itawahi kuleta draiva yake yenyewe katikati ya kazi, na mtumiaji hatajua ni ipi anayoijaribu. Draiva ya chipu ya ndani husakinishwa kwanza, kompyuta huwashwa upya, ndipo ya chipu kubwa hufuata. Na kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, kwa maana anayebadilisha vitu vitatu kwa usiku mmoja anaweza kupona bila kujua kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza safari tangu mwanzo.

Umeme unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko unavyoangaliwa, hasa kwa kompyuta zilizotumika zinazoingia Afrika Mashariki kutoka Ulaya na Dubai na kuuzwa katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambazo mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Kompyuta iliyoundwa kwa chaja ya wati 180 huwaka na hata kujaza betri kwa chaja ya wati 65, na mwenye nayo haoni tofauti hadi chipu kubwa inapoamka na kudai sehemu yake. Hapo kompyuta hupunguza kasi ghafla, huvuta betri ijazie pengo, au huzimika ikiwa betri nayo imechoka. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha chaja, na kama hazikuandikwa hupatikana kwa kuzidisha volti za pato kwa ampea zake. Kwa kukwama kunakofuata usingizi wa kompyuta, mpangilio wa Link State Power Management ndani ya mipango ya umeme ya Windows, unaoruhusu njia ya PCI Express ipunguziwe umeme inapopumzika, unaweza kuzimwa kwa majaribio. Gharama yake ni muda kidogo wa betri.

Joto huharibu kwa utaratibu, na kwa hiyo halishukiwi mapema. Katika kompyuta nyingi za aina hii prosesa kuu na chipu kubwa hutumia mabomba yaleyale ya shaba kupeleka joto kwenye feni, hivyo kazi nzito ya moja huipasha na nyingine. Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la hewa inayoingia, na nyuzijoto 10 zinazotenganisha chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari na ofisi yenye kiyoyozi huongezeka karibu zote kwenye chipu. Mfuniko wa chini ukifunguliwa kwenye kompyuta iliyotumika miaka mitatu bila kusafishwa, feni huweza kuonekana safi machoni, lakini kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea hewa huwa pamekaa tabaka la kijivu la vumbi na nywele, lililoshikamana kiasi cha kubanduka kwa kipande kimoja, na hewa hupita pembeni tu. Kuliondoa tabaka hilo, na kubadilisha ile dawa laini ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya chipu ambayo hukauka kwa miaka, ni matengenezo ya bei nafuu ambayo yameponya kompyuta nyingi zilizodaiwa kuwa na draiva mbovu. Feni izuiwe isizunguke wakati wa kupulizwa, kwa sababu upepo mkali huharibu beringi zake.

Kwa wanaotumia Linux habari hii ina historia yake. Optimus ilipotoka, NVIDIA haikuleta utaratibu wake kwenye Linux, na wajitolea wa mradi wa Bumblebee walijaribu kuziba pengo hilo kuanzia mwaka 2011. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, mwanamke mmoja aliyekuwa amenunua kompyuta ya Optimus alimuuliza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu jambo hilo, naye akailaumu NVIDIA kwa maneno makali na ishara ya kidole mbele ya kamera. Hali imebadilika sana tangu wakati huo: utaratibu wa PRIME sasa hugawa kazi kati ya chipu mbili, na Mei 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini cha mfumo. Anayechunguza hitilafu kwenye Linux atafute neno Xid katika kumbukumbu za kiini, kwani kila namba inayofuata neno hilo ina maana iliyotangazwa na NVIDIA. Xid 79, kwa mfano, husema kwamba chipu imepotea kwenye njia ya PCI Express, na ikijirudia hali hiyo mchunguzi aangalie umeme, joto na ubao wenyewe kabla ya kupoteza siku akibadilisha matoleo ya draiva.

Kuna hitilafu ambazo draiva yoyote haitazitibu. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharamia hitilafu za baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato, zilizotokana na udhaifu wa malighafi ndani ya kifungashio cha chipu, ambayo ilichoka kwa kupashwa joto na kupoa mara kwa mara. Februari 2015 Apple nayo ilikubali kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro zilizouzwa kati ya Februari 2011 na Desemba 2013, ambazo zilionyesha picha zilizovurugika, hazikuonyesha picha kabisa, au zilijiwasha upya zenyewe, na wengi wa wenye kompyuta hizo walikuwa wamehangaika na programu kwa muda mrefu kabla ya hapo. Dalili za chipu inayokufa ni mistari au madoa ya rangi yanayoonekana hata kabla Windows haijawaka, na ujumbe wa Code 43 katika Device Manager usioondoka hata baada ya draiva kusafishwa na kusakinishwa upya. Baadhi ya mafundi huipasha chipu ya namna hiyo kwa bloa ya hewa ya moto ili lehemu iyeyuke na kushika tena, na kompyuta hufufuka kwa wiki au miezi kisha hurudi ilikokuwa, kwa sababu mara nyingi ufa uko ndani ya chipu yenyewe na si kwenye lehemu inayoishikiza kwenye ubao. Mteja ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajalipa.

Kompyuta iliyofika hapo haifai kutupwa, maadamu chipu ya ndani ni nzima. Chipu kubwa ikizimwa katika Device Manager, au kwenye BIOS kwa modeli zinazoruhusu, kompyuta hubaki chombo kizuri cha kuandikia, cha hesabu za duka na cha masomo kwa miaka mingine mingi, tena huwa baridi na betri yake hudumu zaidi. Kabla haijakabidhiwa kwa mnunuzi au kwa shule, milango yake yote ya picha ijaribiwe kwa waya, kwa sababu katika modeli nyingi mlango wa HDMI umeungwa na chipu kubwa moja kwa moja, na chipu hiyo ikizimwa projekta ya darasani haitaonyesha kitu hata kama kioo cha kompyuta kinafanya kazi vizuri.